Jiwe la mwaloni lililodhaniwa limetoka mwezini

Usuli

Kazi yangu hapa Mwanza ni kutambua miamba. Wateja wengi ni wachimbaji wadogo wanaotaka kujua kama duara lao, yaani shimo la kuchimbia, bado lina matumaini. Mawe ya angani nayo huletwa, ila kwa misimu. Msimu mkubwa kuliko yote niliyoiona ulianza Julai 2025, jiwe la Mirihi lenye kilo 24 na ushei lilipouzwa kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York kwa dola milioni 5.3. Habari ilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ilikuwa imeshanona: Mirihi imegeuka mwezi, kilo zimegeuka gramu, na kila jiwe jeusi lina bei.

Mwenye jiwe la kisa hiki ni mzee aliyevua dagaa maisha yake yote. Jina lake, mwalo wake (ufukwe wanakofikia wavuvi) na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya familia nimeyabadili. Ameridhia kisimuliwe kwa sharti kwamba nisitaje ni kisiwa gani.

Msomaji wa mbali ajue kwanza hali ya miamba yetu. Majabali ya Mwanza, likiwemo Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha, ni itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukivuka kuelekea Geita unakuta miamba ya kijani na ile ya chuma yenye mistari. Kote huko kuna mikanda ya doleraiti, yaani magma nyeusi iliyopenya kwenye nyufa na kugandia humo humo. Tena upande wa Sengerema na Geita kuna mavi ya chuma yaliyoachwa na wafua chuma wa zamani, Warongo, ambao majembe yao yalilima Usukuma yote. Mavi ya chuma, jiwe la mistari na doleraiti: vitu hivi vitatu ndivyo karibu "vimondo" vyote ninavyoletewa.

Kilichotokea

Mzee alikuwa kambini na vijana wake usiku usio na mbalamwezi, karabai zimewashwa, wanasubiri kuingia majini. Mwanga ukapita angani kutoka mashariki, mkali kiasi kwamba waliona matundu ya nyavu zilizoanikwa. Baada ya kama dakika moja ukafuata mngurumo. Asubuhi akatembea ufukweni, na mita mia mbili hivi kutoka kambini, mahali palipokuwa na kambi ya zamani, akakuta jiwe jeusi limezama nusu mchangani. Upande mmoja ulikuwa unang'aa kama umepakwa lami. Hakuwahi kuliona pale. Akalifunga kwenye kitenge.

Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwenye duka moja la kununulia dhahabu mjini, wakaliweka kwenye mashine ya mionzi inayopima karati. Ikatoa karatasi: chuma 92.3, titani 5.1, manganizi 1.3, na vingine vidogo, jumla mia kamili. Mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha sita, akaingia kwenye simu akasoma kwamba mawe ya mwezini hutambulika kwa uwiano wa chuma na manganizi, na kwamba uwiano huo ni karibu 70. Akagawanya. Akapata 71.

Jumanne yake wakafika kwangu. "Mwangaluka, mwanangu," alisema Mzee, akakaa na kitenge magotini, hakukifungua mpaka mlango ulipofungwa.

Nililipima kwa mzani wa jikoni: gramu 2,340. Nikalifunga kamba nikalining'iniza ndani ya ndoo ya maji, mzani ukasoma 1,560. Tofauti ni 780, kwa hiyo uzito wake ni mara tatu ya maji. Sumaku niliyoifunga kwenye uzi ilivutwa, si kwa nguvu, ila ilivutwa. Kusugua nyuma ya kigae hakukuacha alama ya maana. Kwenye kona iliyomeguka zamani niliona kwa lenzi vijiti vyeupe vyeupe vimepangana ndani ya weusi. Nikajua ni mwamba uliotokana na magma, wenye madini ya plajioklesi (vile vijiti vyeupe) na pairoksini, kundi la basalti, yaani miamba myeusi ya volkeno. Basalti za mwezini nazo ndivyo zilivyo.

Ndipo nikatamka maneno ambayo kisa chote kimejengeka juu yake: "Mzee wangu, siwezi kulikataa bado."

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukata. Mzee alikataa. Kwake jiwe lililokatwa ni kama ng'ombe aliyevunjika mguu, bei inashuka. Nilimweleza kwamba hata likiwa la kweli halina namna ya kutambuliwa likiwa zima. Vimondo hupewa majina rasmi na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, nayo hutaka sampuli ibaki kwenye taasisi: gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe kama ni dogo. Mpwa akathibitisha kwenye simu, na Mzee akakubali itoke kona moja. Nilikata gramu 40.

Wa pili ulikuwa kupeleka kipande Dodoma kikasagwe hadi unene wa sehemu tatu za mia za milimita, kiasi kwamba mwanga unapita ndani ya mwamba. Huku kwangu nina hadubini ila sina mashine ya kusaga. Nilijua itachukua wiki tatu. Kulikuwa na njia nyingine, kupeleka sampuli nje ya nchi kupimwa isotopu za oksijeni, yaani aina za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito. Niliiacha, na sababu yake inafaa kuandikwa. Isotopu za oksijeni zinatenganisha vizuri jiwe la Dunia na la Mirihi au la sayari ndogo, lakini Mwezi na Dunia zinalingana karibu kabisa. Mzee angelipa fedha nyingi kwa jibu ambalo kwa swali lake si jibu.

Uamuzi wa tatu haukuwa wangu. Wiki ya pili alitokea dalali, akamwambia Mzee kuna mnunuzi Dar es Salaam, lakini anataka "cheti cha kimataifa", na cheti kina ada yake. Mzee akakopa shilingi 800,000 kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wanakikundi walipouliza dhamana, alijibu kwamba mtaalamu wa mawe amelipima na ameshindwa kulikataa.

Nilichomweleza Mzee kuhusu mwezi

Siku moja katika zile wiki tatu alipita kuulizia, akauliza swali ambalo wasomi wengi hawaulizi: mwezi wenyewe umeumbwaje mpaka jiwe lake lifanane na la kwetu? Nilitumia saa nzima, na sijutii.

Mwezi ulipokuwa mchanga sehemu yake kubwa ilikuwa imeyeyuka, bahari ya magma yenye kina cha mamia ya kilomita. Mchenjuaji wa dhahabu akitikisa karai analijua linalofuata. Madini mazito ya mwanzo, olivini na pairoksini, yalizama. Plajioklesi ni nyepesi kuliko rojo lililobaki, kwa hiyo ikaelea juu kama malai kwenye maziwa yaliyolala, ikaganda ikawa ganda jeupe la mwezi. Ilmenaiti, yenye titani, ilikuja mwishoni kabisa. Kilichobaki kati ya ganda na chini, kama chumvi kwenye sufuria iliyokaukiwa maji, kilikusanya vitu visivyotaka kuingia kwenye madini ya kawaida: potasiamu, fosforasi, elementi adimu, na urani na thori. Baadaye sehemu za chini ziliyeyuka upya, zikapanda na kujaza mabonde makubwa. Hayo ndiyo madoa meusi tunayoyaona kwa macho: basalti, nyingi za miaka bilioni 3 hadi 4 iliyopita. Zile zilizoletwa na chombo cha Chang'e 5 cha China mwaka 2020 zina miaka bilioni 2 hivi.

Wazo hilo la bahari ya magma lilitokana na chembe ndogo nyeupe walizozikuta wanasayansi kwenye udongo wa Apollo 11, wakalitangaza mwaka 1970. Chembe za kuokoteza tu! Apollo zote sita zilizotua zilileta kilo 382, lakini kutoka eneo dogo la upande unaotuelekea. Ndiyo maana vimondo vya mwezini vina thamani kwa sayansi kuliko mnada unavyosema: vinaweza kutoka popote mwezini, hata upande wa kisogo. Jiwe likigongwa kule likapata mwendo wa kilomita 2.4 kwa sekunde, mvuto wa mwezi haulirudishi tena. Botswana ilipatikana jozi moja mwaka 1999, Kalahari 008 na 009, hilo la pili lina kilo 13.5 na ni basalti ya miaka bilioni 4.35, yaani volkeno za mwezi zilianza mapema kuliko mawe ya Apollo yalivyoonyesha.

"Kwa hiyo Botswana wamepata," Mzee akasema. Katika yote niliyoyasema, alilobeba ni hilo.

Kipande chini ya hadubini

Kipande kilirudi Ijumaa. Kwa mtu asiyewahi kuona, doleraiti kwenye mwanga uliochujwa ni kitu cha kupendeza: vijiti vya plajioklesi vyenye milia myeusi na myeupe kama punda milia, vimekatizana ovyo, na katikati yake pairoksini yenye rangi za njano na buluu. Mpangilio huohuo upo kwenye basalti za mwezini. Kama ningefunika kingo za picha, nusu ya kwanza ningeweza kudanganyika.

Nusu ya pili ndiyo ilisema. Kingo za pairoksini zilikuwa zimegeuka kijani, hornblendi na kloraiti. Pembeni ya chembe nyeusi palikuwa na magamba ya kahawia ya bayotaiti. Plajioklesi nyingi zilikuwa na ukungu katikati, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Vyote vitatu ni kazi ya maji. Bayotaiti na hornblendi zina maji ndani ya mwili wake. Bila maji haziumbiki. Mwezini maji yapo, lakini kwenye magma yake ni machache mno, ya kuhesabiwa kwa sehemu za milioni, hayatoshi kugeuza mwamba hivi. Basalti ya mwezini ya miaka bilioni 3 huwa safi chini ya hadubini kama imeganda juzi.

Ushahidi mwingine ulijazia. Nilipima pembe ambayo milia ya plajioklesi inazimika, nikapata kalsiamu ya wastani, karibu 55 katika mia, iliyobaki sodiamu. Ganda la mwezi lina plajioklesi ya 95 na zaidi, na hata kwenye basalti zake kwa kawaida ni juu ya 80, kwa sababu Mwezi una uhaba wa sodiamu. Na ile iliyovuta sumaku ilikuwa magnetaiti. Magnetaiti huhitaji chuma kilichopata oksijeni ya kutosha. Mwezini oksijeni huru ni haba kiasi kwamba chuma kidogo hubaki kuwa chuma kitupu, vitone vya metali. Sumaku iliyompa Mzee moyo ilikuwa shahidi wa upande wa pili.

Matokeo

Alikuja na mkewe kuchukua majibu. Nilikuwa sijafungua mdomo, jiwe liko mezani, upande uliokatwa unatazama dirisha. Mama akaliinua, akaligeuza, akacheka. "Hili si figa letu la kukaangia dagaa?" Mzee akasema figa gani. "La kambi ya zamani, kabla maji hayajapanda. Mengine mawili yatakuwa palepale."

Nikachukua wembe nikakwangua ule upande unaong'aa. Ukatoka unga mweusi, mlaini, ukashika kidole. Ni masizi na mafuta ya miaka mingi. Gamba la kimondo ni kioo kilichoyeyuka kwa joto la angani. Haliachi wino kwenye kidole.

Dalali hapatikani kwenye namba yake. Deni la kikundi linalipwa kwa awamu, na mimi nimechangia awamu moja, si kwa wema bali kwa sababu jina langu lilitumika kama dhamana na maneno yalikuwa yangu kweli.

Uchambuzi

Kilichofaa: kukata mapema na kutokimbilia kipimo ghali. Kipande kimoja chembamba kilimaliza shauri ambalo karatasi ya dukani, mzani na ndoo ya maji visingeweza kulimaliza hata vikirudiwa mwaka mzima.

Uzito wa mara tatu ya maji ulikuwa hauna maana kabisa. Doleraiti iko hapo hapo. Basalti ya mwezini iko juu kidogo, na vimondo vya ganda jeupe viko chini. Watu hudhani jiwe la mwezini lazima liwe zito la ajabu. Hapana, lina uzito wa jiwe.

Karatasi ya mashine ilinidanganya kidogo, na hapa nakiri. Mashine ya karati imefundishwa kutafuta metali. Silika, alumini na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mwamba, haizihesabu. Inachukua kile kidogo inachokiona na kukipanua hadi kijae mia. Chuma 92.3 maana yake ni 92.3 ya kile ilichokiona. Kama kweli lingekuwa chuma kitupu kutoka angani, kama Kimondo cha Mbozi, lingekuwa na nikeli asilimia kadhaa. Nikeli haikuwepo. Hilo niliweza kulisema siku ile ile ya Jumanne nikiwa nimekaa, na sikulisema.

Lakini ile 71 ilinikaa kichwani. Uwiano wa chuma na manganizi ni kipimo kizuri cha kukataa: yukriti, yaani vimondo vya basalti kutoka sayari ndogo, kwa mfano kilichoanguka Peramiho mwaka 1899, huwa karibu na 30 na kitu, kwa hiyo 71 inaikataa. Si kipimo cha kukubali, kwa sababu basalti na doleraiti za Dunia hutawanyika, na nyingi huangukia 60 na 70. Juu ya hapo, manganizi ya 1.3 kwenye mashine isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyo jirani na kilele kikubwa cha chuma kwenye mchoro wa mionzi, inaweza kuyumba kwa urahisi. Ingesoma 1.6, uwiano ungekuwa 58 na mpwa angefunga simu.

Wembe ningeutumia dakika ya kwanza. Sikuutumia kwa sababu niliogopa kuharibu "gamba" endapo ni la kweli. Yaani nilililinda jiwe dhidi ya kipimo ambacho kingeliumbua. Tena lilikuwa linang'aa upande mmoja tu, na nililiona hilo, nikalipita.

Swali la maana kuliko yote halikuulizwa na yeyote kati yetu. Vimondo vya mwezini vinavyojulikana ni mamia; cha kwanza kutambuliwa kiliokotwa Antaktika mwaka 1982, vingi vinatoka majangwa ya kaskazini-magharibi mwa Afrika na Oman, mahali pakavu pasipooza jiwe. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kikianguka. Vyote viliokotwa. Simulizi ya Mzee, mwanga usiku na jiwe la mwezini asubuhi, ingekuwa ya kwanza katika historia. Haikuwa sababu ya kumfukuza, ila ilikuwa sababu tosha ya kutomwambia "siwezi kulikataa bado".

Sentensi hiyo katika jiolojia ni ya kawaida. Kwa mtu anayesubiri ada ya shule ni ahadi. Siku hizi naandika kwenye stakabadhi, kwa kalamu, kabla jiwe halijabaki kwangu: "Kwa sasa ni jiwe la kawaida." Jambo likibadilika, nitaandika nyingine. Wateja wawili wamechukia wakaondoka na mawe yao.

Kuhusu mwanga, sina shaka naye. Mngurumo uliochelewa dakika moja ni dalili nzuri kwamba kitu kilifika chini angani kabla ya kupasuka, na huenda vipande vilishuka. Kama vilishuka, uwezekano mkubwa ni kondraiti, jiwe la kijivu lenye gamba jembamba jeusi na vinukta vya metali ndani, maana mawe mengi yanayoonekana yakianguka ni ya jamii hiyo. Na kwa mwelekeo alionionyesha kwa mkono, vingi vimeishia majini. Lakini kuna ulimi wa nchi kavu upande ule. Mzee ameuliza kondraiti inavuta sumaku kiasi gani. Nikamwambia, zaidi ya figa. Ameondoka na sumaku yangu ya uzi, na hajairudisha.